Maradhi Hupita Njia Gani?

Kila masika yanapokaribia, mwalimu wa zamu husimama mbele ya mstari akatukumbusha maneno yale yale: chemsheni maji ya kunywa, nawani mikono kwa sabuni, fungeni vyandarua kabla ya kulala. Maneno hayo ni ya kweli, wala sina neno la kuyapinga. Lakini mimi nifundishaye Biolojia katika shule hii nimeona kwamba amri isiyofuatana na sababu haikai sana kichwani mwa mwanafunzi. Huisikia mstarini, na kabla ya kengele ya kipindi cha pili imekwisha potea. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kueleza jambo moja: watu wamejuaje njia ya ugonjwa? Maana aijuaye njia aweza kuiziba. Asiyeijua atapiga deki bweni zima, na ugonjwa utaingia kwa mlango mwingine.

Sisi tukaao bonde la Kilombero hatuna haja ya kusafiri mbali kutafuta mfano. Mwaka 1997 kipindupindu kiliingia Ifakara, na wazazi wengi wasomao gazeti hili watakumbuka habari zake. Kwa vijana ambao hawajakiona, ugonjwa huu huletwa na kijidudu kilichopinda kama alama ya mkato, kiitwacho vibrio. Kikifika tumboni hutoa sumu, na sumu hiyo huufanya utumbo umwage maji badala ya kuyanyonya. Mgonjwa huharisha maji meupemeupe kama yale ya kuoshea mchele, na sisi wa nchi ya mpunga hatuhitaji kuelezwa zaidi. Dalili huanza baada ya nusu siku hivi, au hata siku tano, tangu kijidudu kilipomezwa. Miongoni mwa wagonjwa waliozidiwa, wasipotibiwa, hata nusu yao huweza kufa, tena kwa muda wa saa chache. Wakitibiwa mapema, hafi hata mmoja katika mia. Tofauti hiyo kubwa huletwa hasa na maji na chumvi zinazorudishwa mwilini. Dawa nyingine ni msaada tu.

Basi ugonjwa ulipokuwa ukienea, watafiti waliuliza: watu hawa wanaupata wapi? Wakawachukua wagonjwa 180 wa kwanza waliofika hospitalini, wakawahoji juu ya maji yao, chakula chao na mahali wanapooga. Kisha wakafanya jambo ambalo wanafunzi wangu huliona geni. Walitafuta watu wengine 360 ambao hawakuugua, wawili kwa kila mgonjwa, wakawauliza maswali yale yale.

"Mwalimu, ya nini kumhoji asiyeumwa?" Swali hilo huulizwa kila mwaka, na ni swali zuri. Natujibu kwa mfano wa bwalo letu. Tuseme, Mungu apishe mbali, asubuhi moja wanafunzi 12 wa bweni moja wameamka wakiharisha. Ukiwauliza walikula nini jana, wote 12 watajibu: ugali na maharage. Mwenye haraka atapiga kelele kwamba maharage yametudhuru, na mpishi atalaumiwa mpaka jioni. Lakini waulize na wenzao 24 wa bweni lile lile ambao hawaharishi. Nao watajibu: ugali na maharage. Basi maharage hayakututenga. Yaliliwa na wagonjwa, yakaliwa na wenye afya, kwa hiyo hayatuambii kitu.

Endelea kuuliza. Tuseme katika wale wagonjwa 12, tisa walikunywa maji ya ukwaju yanayouzwa nje ya lango. Na katika wenye afya 24, waliokunywa ni sita tu. Robo tatu upande huu, robo moja upande ule. Hapo ndipo pa kutia alama. Mwanafunzi mwangalifu atauliza: na wale wagonjwa watatu ambao hawakunywa? Huenda waliambukizwa na wenzao kwa mikono au kwa kikombe. Na wale sita waliokunywa wasiugue? Huenda walipata vijidudu vichache, au matumbo yao yalivishinda. Ugonjwa haufuati hesabu kama treni ifuatavyo reli ya TAZARA. Lakini umekwisha jua pa kuanza kutafuta, nawe hukuweza kupajua bila kuwauliza wenye afya.

Sasa turudi mwaka 1997. Majibu ya wagonjwa na ya wenye afya yalipowekwa kwenye mizani, mambo matatu yalielemea upande wa wagonjwa: kuoga mtoni, kukaa mbali na mahali pa kuteka maji, na kula samaki wakavu.

La kwanza si gumu kulielewa. Aogaye mtoni husukutua kinywa, hupiga mbizi, humeza kidogo; na juu yake kidogo, mahali asipopaona, huenda mtu anafua shuka za mgonjwa. Mto hausemi umetoka wapi.

La tatu huwashangaza watu, maana samaki mkavu wa Kilombero ni kitoweo chetu na hakuna anayependa kusikia akisemwa vibaya. Utafiti haukusema kwamba samaki mkavu ni sumu. Ulisema waliougua walimla zaidi kuliko wasiougua. Mimi nikimtazama samaki huyo, naona jinsi apitavyo mikono mingi kutoka kwa mvuvi mpaka sokoni, hulazwa juu ya magunia, hunyunyiziwa maji asivunjike, na pengine huliwa vivi hivi njiani bila kupikwa tena. Moto wa kutosha huua vibrio. Kwa hiyo wazazi wanaotuletea samaki siku ya kutembelewa hatuwakatazi. Tunaomba tu kwamba samaki aende jikoni akachemke kwanza, asiliwe juu ya kitanda usiku kwa kificho.

Lakini la pili, la umbali wa maji, ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, ijapokuwa ndilo linalosahauliwa upesi. Halihusu kijidudu, lahusu miguu. Mama anayebeba ndoo kichwani kutoka mbali huyagawa maji yake kwa uangalifu: kwanza ya kunywa, kisha ya kupikia, kisha ya vyombo. Kunawa mikono huja mwisho, na mara nyingi ndoo imekwisha kabla ya zamu yake kufika. Anajua vizuri kwamba kunawa kwafaa, ila maji ni mbali. Tukimhubiria juu ya sabuni bila kumsogezea bomba, tumempa nusu ya dawa.

Watafiti hawakuishia kwenye maswali. Walipima maji ya chanzo kikuu cha maji cha Ifakara, na vinyesi vya wagonjwa, wakakuta vibrio huku na huku. Vilipolinganishwa hata kwa uchunguzi wa DNA, ambayo ni alama ya urithi wa kila kiumbe, vilionekana ni vya namna moja. Hapo njia ilikuwa imeonekana kwa macho mawili, la maswali na la maabara.

Si jambo geni katika nchi zetu kufuatia ugonjwa hivi. Kipindupindu kilipoipiga Unguja mwaka 1869 na 1870, alikuwapo huko daktari wa Kiskoti aitwaye James Christie. Aliwauliza watu wa misafara na mabaharia, akaunganisha habari zao, akaonyesha kwamba ugonjwa ulitoka pande za Bahari ya Shamu, ukapita bara mpaka nchi ya Wamasai, ukateremka Pangani, kisha ukavuka maji hadi Unguja. Kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1876. Kabla yake, mwaka 1854, daktari John Snow wa London alikuwa amehesabu vifo katika mtaa mmoja akaona vimezunguka pampu ya maji ya Broad Street. Watu wengi hukumbuka kwamba mpini wa pampu ile uliondolewa. Mimi hupenda zaidi habari ya kiwanda cha pombe kilichokuwa karibu na pampu hiyo. Wafanyakazi wake walikuwa salama, na Snow alipouliza akaambiwa kwamba wao hupewa bia, tena wana kisima chao wenyewe. Ni wenye afya waliomthibitishia habari ya pampu.

Natuingie sasa shuleni kwetu. Shule ya bweni ni mahali pazuri pa kujifunzia na, kwa bahati mbaya, ni mahali pazuri pa ugonjwa kusafiri. Tunalala karibu karibu, tunakula pamoja, tunateka katika tanki moja. Ukitaka kujua mahali palipo hatari, usitazame pachafu peke yake. Tazama mahali mikono mingi inapokutana. Katika mabweni mengi nimeona jaba la maji ya kunywa lililofunikwa vizuri, maji yamechemshwa sawasawa, na juu ya kifuniko kikombe kimoja cha plastiki. Kila mmoja hukichovya na vidole vyake. Kuni zote zilizoteketea jikoni kuchemsha maji yale zimepotezwa na kikombe hicho. Jaba lenye koki chini, au kata ya mpini mrefu isiyonywewa, huondoa taabu hiyo kwa gharama ndogo sana.

Jambo la pili ni miguu, kama nilivyosema. Nendeni mkapime kwa hatua zenu kutoka vyooni hadi kwenye bomba la karibu, kisha kutoka vyooni hadi bwaloni. Ikiwa bwalo liko karibu kuliko bomba, basi msishangae mikono ikifika mezani bila kunawa, hasa siku za mvua. Kibuyu chirizi kimoja mbele ya kila mlango wa choo, dumu dogo, kamba, kijiti cha kukanyagia na sabuni iliyotobolewa, kitafanya kazi kuliko hotuba zangu zote. Lakini lazima mtu awe na zamu ya kukijaza. Mwaka 2020, shule zilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni baada ya kufungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona, kila lango lilikuwa na ndoo ya maji tiririka na sabuni. Ndoo hizo ziko wapi leo? Nyingi zimehamia jikoni na bafuni, na koki zake zimevunjika. Hofu ilipokwisha, zamu nayo ikaisha.

Jambo la tatu ni zito, nami naomba wanafunzi na wazazi walisome polepole. Watu wengi wanaomeza vibrio hawaugui hata kidogo, au huharisha kidogo tu wakapona, na huku wanavitoa vijidudu katika choo kwa muda wa siku moja hadi kumi. Maana yake ni kwamba anayetembea na afya yake aweza kuwa ndiye njia yenyewe. Kwa hiyo kunawa hakumhusu "mchafu" wala "mgonjwa". Kunamhusu kila mtu, na kiranja pia, na mwalimu pia.

Tena wako wanaoharisha kweli nao hujificha. Najua sababu zao. Mmoja anaogopa kurudishwa nyumbani mtihani ukiwa karibu. Mwingine anaogopa kuchekwa, maana vijana humpa mwenzao jina la kuhara nalo likamfuata mpaka Kidato cha Nne. Kicheko hicho kina hatari kubwa. Anayejificha hupoteza maji ya mwili usiku kucha, na asubuhi macho yameingia ndani, ngozi ukiibana hairudi upesi, mkojo hautoki. Mwenzenu akienda chooni mara tatu usiku, msimcheke, mwamsheni mwalimu. Na huku gari la kumpeleka hospitali likitafutwa, mpeni maji yenye chumvi za pakiti zipatikanazo zahanati na madukani. Zisipokuwapo, chukueni lita moja ya maji safi, mtie vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vijiko vya kusawazisha visivyojaa kilima, mkoroge mpaka viyeyuke. Anywe kidogo kidogo. Akitapika, mngojee kidogo, kisha mwendelee. Wala msimnyime maji kwa kudhani kwamba yanazidisha kuhara. Dhana hiyo imekwisha ua watu.

Malaria ina njia nyingine kabisa. Ukinawa mikono mpaka ngozi ichubuke, hutaizuia. Njia yake ni mbu jike wa namna ya Anopheles, na hapo bonde letu lina historia kubwa. Ifakara ina maabara ya utafiti tangu mwaka 1957, ilipoanzishwa na Taasisi ya Tropiki ya Uswisi; leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na jina lake linajulikana duniani. Miaka ya 1990 ilipoanza, watafiti walihesabu mbu katika kijiji cha Namawala wakaona kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Ni karibu kila usiku wa Mungu.

Mwaka 1997, mwaka ule ule wa kipindupindu, ulianza mpango wa kuwauzia watu wa Kilombero na Ulanga vyandarua vilivyotiwa dawa, kwa jina la Zuia Mbu. Je, vilisaidia? Watafiti walirudia njia ile ile niliyoieleza juu: walilinganisha nyumba zilizofiwa na mtoto na nyumba ambazo watoto wao walikuwa hai, wakauliza nani alilala ndani ya chandarua. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001. Chandarua chenye dawa kiliongeza uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Kitambaa chenye matundu, uzi na dawa kidogo! Sijui kama kuna kitu kingine cha bei hiyo kiwezacho kujisifu hivyo.

Tangu hapo mbu nao wamebadilika. Leo anayeleta sehemu kubwa ya malaria bondeni mwetu ni Anopheles funestus, ambaye huzaliana katika maji yasiyokauka upesi, yenye majani, na huuma hasa ndani ya nyumba usiku mwingi. Mbu hawa wamezoea dawa za vyandarua vya kawaida, lakini hawajajifunza kupita katika kitambaa kizima. Kwa hiyo kushona tundu la chandarua si kazi ya wasichana tu, wala si ya wazazi likizoni. Kila mwanafunzi awe na sindano. Wako pia mbu waumao mapema zaidi, nje, wakati sisi tupo katika masomo ya jioni, na kwao chandarua hakifai kitu. Vaeni suruali ndefu na soksi.

Hapa pia asiyeumwa ana sehemu yake. Mtoto mdogo akipata vimelea huugua sana. Kijana wa umri wenu, aliyekulia bondeni, mwili wake umezoea, aweza kuwa navyo damuni akicheza mpira kama kawaida. Mbu humwuma yeye, kisha humwuma mdogo wake nyumbani. Mnapokwenda likizo shambani kulinda mpunga, mkalala katika vibanda mbali na kijiji, chukueni chandarua. Mnamlinda mtoto ambaye bado hana nguvu hizo.

Juu ya maradhi ya hewa nitasema machache. Mafua, korona na kifua kikuu husafiri kwa pumzi, na dawa ya kwanza ni madirisha. Bweni lililofungwa kila dirisha kwa hofu ya baridi ya Juni hulisha wote pumzi ya mmoja. Wekeni wavu wa mbu dirishani, kisha mfungue. Na anayekohoa majuma mawili au zaidi apelekwe kupimwa makohozi. Kifua kikuu hupona kwa dawa, ikiwa zinamezwa zote.

Mwisho, kazi. Kidato cha Tatu watatengeneza karatasi ya maswali itakayowekwa ofisini kwa mwalimu wa afya, tayari kwa siku ambayo tunaomba isifike. Iwe na nafasi ya jina la bweni, siku na saa dalili zilipoanza, maji yalitekwa wapi, nini kililiwa bwaloni na nini nje ya lango, nani aliogea mtoni. Kwa kila mgonjwa ziwe karatasi tatu, yake mwenyewe na za wenzake wawili wa kitanda cha jirani wasioumwa. Maswali yawe yale yale kwa wote, wala anayeuliza asimwambie anayejibu anachokishuku. Atakayeleta swali zuri ambalo mimi sikulitaja, na aniletee kabla ya kufunga shule.